Umeme Ukikatika Katikati ya Mechi

Laptop yangu niliinunua Kariakoo mwaka 2023 ikiwa imeshatumika, kwa hela niliyolipwa kuhariri video za harusi tatu. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, akaweka filamu, akasema, "Bosi, betri hii inakaa masaa manne. Unapanda basi hapa, unafika Morogoro bado ina chaji." Hakunidanganya. Kwa filamu na kuandika barua inakaa saa nne kweli. Nilichosahau kumuuliza ni inakaa muda gani ukicheza gemu, na yeye hakuwa na sababu ya kunifungua macho.

Jibu nililipata mwenyewe Desemba. Waliokuwepo wanaukumbuka mwisho wa mwaka ule na mgao wake wa umeme. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuja kuanza kuzalisha Februari 2024. Kabla ya hapo sisi wa Tabata tulikuwa tunaagana na umeme saa mbili usiku, tunaonana nao tena saa sita, siku nyingine alfajiri. Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha pili, alikuwa amekuja kukaa kwangu likizo. Tulikuwa na pedi mbili, gemu moja ya mpira, na ubishi mwingi kuliko vyote hivyo.

Usiku wa kwanza giza lilitukuta dakika ya 60, mimi naongoza bao moja. Laptop haikuzima, betri si ipo. Lakini mchezo ulibadilika palepale. Unapiga pasi sasa, mpira unatoka ukiwa umeshakata tamaa. Kila beki anageuka kama kabati linahamishwa.

"Anko, mbona inaganda?"

"Ni betri."

"Betri inajuaje kwamba wewe ndiye unayeongoza?"

Dakika 38 baadaye laptop ilizima kabisa, na dogo akalala akiamini nimemfanyia hila.

Asubuhi nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nikaenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, nikaisukuma hadi mwisho kabisa, kule kwa utendaji wa juu, na ile ya betri nayo nikaisukuma vilevile. Akili yangu iliniambia mashine inabana matumizi, kwa hiyo dawa ni kuiambia isibane. Jioni tukacheza tena kwenye betri. Safari hii haikuwa nzito mfululizo. Ilikuwa inakimbia vizuri sekunde nne, kisha inakwama, kisha inakimbia. Ni mbaya kuliko ule uzito wa jana, maana uzito unauzoea, kukwamakwama hukuzoei. Na chaji iliisha mapema zaidi.

Hapo ndipo nilipochukua daftari la hesabu la dogo, kurasa za nyuma, nikaanza kupima badala ya kubahatisha. Kwa kupimia nilitumia GTA V, gemu ya kuzurura mjini na magari, kwa sababu ina jaribio lake la ndani: inaendesha picha zilezile kila mara, kwa hiyo ukibadilisha kitu kimoja unaona kimekuongezea nini au kimekupunguzia nini. Pembeni niliwasha HWiNFO, programu ya vipimo ambayo ni ya bure na inaonyesha mambo mengi kuliko unayoweza kusoma. Mimi nilikuwa naangalia mistari mitatu tu: wati zinazoliwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, wati zinazoliwa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, na kasi ya betri kuisha.

Kabla ya yote nilitaka kujua betri yenyewe imebaki na nini. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, Windows inakutengenezea ripoti. Yangu ilisema betri ilitoka kiwandani na wati-saa 57, na siku hiyo ikijazwa hadi juu inabeba 41. Kwa hiyo ile asilimia 100 inayoonyeshwa pembeni ya saa ni asilimia 100 ya kilichobaki. Ningeijua amri hii nikiwa bado dukani, bei tungeiongea upya.

Sasa hesabu ya mtoto wa darasa la sita. Wati-saa 41 maana yake ukichota wati 41, saa moja imekwisha. Chaja yangu imeandikwa wati 135, na nikicheza kwenye umeme wa ukutani mashine nzima inakula kama 110. Ukichota 110 kutoka kwenye 41 unapata dakika 22. Na hata hizo 22 hupewi. Seli za betri ukizilazimisha kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinashuka na zinapata joto, kwa hiyo mtengenezaji anaweka mpaka. Kwangu mpaka ulikuwa kama wati 55 kwa kila kitu: kioo, feni, prosesa, kadi. Usukume mipangilio uendako, 55 haisogei. Hakuna kitufe cha kuifanya iwe 110, na nilipolikubali hilo ndipo nilipoanza kufika mahali.

Vipimo vya kwanza: ukutani, fremu 78 kwa sekunde, yaani picha 78 zinazochorwa kila sekunde. Nikachomoa chaja: 30. Nilichogundua ni kwamba zilikuwa 30 kamili, hazipandi hazishuki, hata kamera ikiangalia anga tupu. Mtu aliyechoka hachoki kwa namba kamili. Huyu alikuwa amefungwa kamba. Kumbe kadi za NVIDIA za laptop zina kitu kinaitwa Battery Boost, kipo tangu 2014, na kazi yake ni kupunguza fremu ukiwa kwenye betri ili ikae zaidi. Kwangu kilikuwa kimewekwa 30. Unaweza kukibadilisha au kukizima kwenye programu yao. Nikazima, nikafurahi, nikaita dogo aje aone fremu 58. Alipofika zilikuwa 24.

Namba zilikuwa zinaruka kati ya 24 na 58 kama bei ya nyanya sokoni. Hapa nilikaa siku mbili. Nilidhani ni joto, maana Dar mwezi huo, umeme ukiwa haupo, feni ya dari imesimama na dirisha umelifunga kwa ajili ya mbu, hata binadamu anapunguza kasi. Nikaipandisha laptop juu ya vitabu viwili ipate hewa kwa chini. Joto likashuka, kurukaruka kukabaki.

Jibu lilikuwa kwenye ile mistari mitatu muda wote, ila nilikuwa naisoma mmojammoja. Usiku wa tatu niliisoma pamoja. Prosesa inapanda hadi gigahezi 4, inakula wati 29. Sekunde hiyohiyo kadi inashuka kutoka wati 30 hadi 14, na fremu zinaporomoka. Prosesa ikitulia, kadi inapanda tena, fremu zinapanda, prosesa inaona kazi imeongezeka, nayo inapanda, kadi inaporomoka. Ni sinia moja la wali, wanakula wawili, na mmoja ana mkono mrefu. Ukiwa ukutani hulioni hili kwa sababu sinia ni kubwa, wote wanashiba. Na mimi nilipousukuma ule mpangilio hadi utendaji wa juu, nilikuwa nimemwambia mwenye mkono mrefu ale bila aibu.

Tatizo ni kwamba prosesa haili kwa uwiano na kasi yake. Ili iende mbio zaidi lazima ipewe volti kubwa zaidi, na ulaji unapanda kwa volti zidisha volti, mara kasi. Kutoka gigahezi 3 kwenda 4 ni nyongeza ya theluthi tu, lakini kwenye mashine yangu ulaji ulitoka wati 14 hadi 29. Hiyo theluthi gemu yangu haikuihitaji hata kidogo. Kadi ndiyo iliyokuwa inasubiriwa.

Nilichofanya kinachukua nusu dakika. Kwenye mipangilio ya ndani ya umeme ya Windows, ile ya zamani iliyojificha kwenye Control Panel, kuna sehemu ya prosesa, na ndani yake mstari ulioandikwa Maximum processor state. Una thamani mbili, ya betri na ya ukutani. Ya betri nikaiondoa 100, nikaandika 99. Unaweza kucheka, mimi pia nilicheka. Lakini ile asilimia moja ndiyo inayozima turbo, yaani ruhusa ya prosesa kupita kasi yake ya msingi. Nikaendesha jaribio: fremu 50, na chini haikushuka zaidi ya 46. Betri inatoa wati 41 badala ya 54. Mashine imepunguziwa nguvu, na gemu imeongezeka kasi.

Nilimuita dogo tena. Safari hii niliziacha namba zikae dakika tano kwanza.

Kuanzia hapo nikawa naitafuta wati moja moja kama mtu anayetafuta shilingi mia mia kwenye mifuko ya suruali. Mwanga wa kioo kutoka mwisho hadi chini kidogo ya nusu: wati tatu. Taa za kibodi: karibu moja. Kivinjari kilichoachwa nyuma na kurasa 20, moja ikicheza tangazo: wati nne hadi sita, na hii iliniuma kwa sababu ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ndani ya GTA yenyewe, nyasi. Watu hushusha kila kitu wakaiacha nyasi juu. Ukitoka mjini ukaingia mashambani, nyasi inaila kadi kuliko magari yote ya mjini. Niliishusha, nikazima ulainishaji wa kingo wa MSAA, nikapunguza ukubwa wa picha hadi 1600 kwa 900. Kwenye kioo cha inchi 15, ukikaa umbali wa kawaida, baada ya dakika kumi umesahau. Magemu mapya yana FSR, au DLSS kama kadi yako ni RTX ya NVIDIA, ambazo hufanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi: picha inachorwa ndogo kisha inakuzwa.

Kuhusu kufunga fremu, yaani kuziwekea kikomo zisizidi, hapa nina msimamo ambao marafiki zangu wengi hawaukubali. Baada ya kuichukia ile 30 ya Battery Boost, nilirudi kujifunga mwenyewe, ila kwa 40. Fremu isiyochorwa haili umeme. Kadi ikimaliza mapema inapumzika. Kwa nini 40 na si 45 au 50? Kioo changu kinajichora mara 120 kwa sekunde, na 120 ukigawa kwa 40 unapata 3 kamili: kila fremu inakaa kwenye kioo kwa michoro mitatu, sawasawa, bila moja kukaa kidogo na nyingine kukaa sana. Ukiweka 50 hesabu haikai, na jicho linaona mtetemo ingawa namba ni kubwa. Tena, fremu 30 zinakuchukulia milisekunde 33 kila moja, 60 zinakuchukulia karibu 17; 40 ni milisekunde 25, katikati kabisa ya hizo mbili. Kwa mkono ulioshika pedi, 40 iko nusu ya njia kwenda 60, wakati kwenye karatasi inaonekana imesogea theluthi tu. Wenye Steam Deck walilijua hili mapema: kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, cha mwaka 2022, kina betri ya wati-saa 40, karibu sawa na yangu iliyochoka, na kufunga fremu 40 ni desturi kwao. Kioo cha 144 unaweza kufunga 48. Kioo cha 60, ni 30 au 60, pole.

Mwisho wa kuhangaika kwangu, mashine ilikuwa inachota wati 31. Zile wati-saa 41 zikagawanywa kwa 31, na nikapata zaidi ya saa nzima ya mchezo uliotulia, kwenye betri ileile iliyokuwa inanipa dakika 38 za mateso.

Gemu ya mpira ilikuwa na suluhisho lake, na hili sikulipata kwa akili bali kwa bahati. Nilikuwa nimeongeza kipande cha pili cha RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, cha GB 8 kwa sababu ya kuhariri video. Prosesa yangu ina grafiki yake ndogo ya ndani, na grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kawaida. Kipande kimoja ni njia moja, vipande viwili ni njia mbili, kwa hiyo grafiki ya ndani inalishwa upesi zaidi. Siku moja nilisahau nikafungua mpira ukitumia ile ya ndani, kadi kubwa ikiwa imelala, na sikugundua hadi kipindi cha pili. Wati 22. Tangu hapo, kwenye orodha ya grafiki ya Windows nimeiandikia gemu ile moja kwa moja itumie ya kuokoa umeme. Zamani ningeona ni aibu kumiliki kadi halafu usiitumie.

Si kila kitu nilichojaribu kilifaa. Kuna jirani alinishauri nitumie betri ya gari na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na kwa hesabu za karatasi ilivutia: betri ya ukubwa wa N70, volti 12 mara ampea-saa 70, ni wati-saa 840, mara 20 ya ile ya laptop. Nikanunua betri na inveta ndogo ya wati 150, jumla laki mbili na kitu. Siku ya kwanza, laptop ikiwa na chaji kidogo, chaja ikawa inalisha gemu na kujaza betri kwa wakati mmoja, inavuta hadi mwisho wa uwezo wake, na inveta ikapiga kelele na kuzima. Nikajifunza kuanza na laptop iliyojaa. Ilienda vizuri wiki kadhaa. Lakini betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, gari likiwaka inaanza kujazwa tena. Mimi nilikuwa naikausha kila usiku. Kufika Machi haikuweza hata kuwasha taa ya nyumba kwa saa moja. Fundi wa betri alinyanyua kifuniko, akatazama ndani, akaniuliza, "Kaka, hii ulikuwa unaifanyia nini?" Niliona haya kumwambia mpira. Betri zinazofaa kazi hiyo zipo, zile wanazofunga watu wa sola, na bei yake ni nyingine.

Pawabenki pia naulizwa sana. Ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74 ndani, kwa hiyo umeme upo. Lakini nyingi hazitoi volti 20 ambazo laptop inazitaka, na laptop kama yangu tundu lake la Type-C halipokei chaji hata ukiipa. Soma kwanza mashine yako kabla hujanunua.

Tukaja kwenye fainali yetu, mimi na mpwa wangu, usiku wa mwisho kabla hajarudi shule. Umeme ulikatika kipindi cha kwanza kikiwa hakijaisha, na safari hii hakuna aliyesema neno. Hakugeuka hata kuangalia taa. Kibao kilikuwa 1-1 na mimi nilikuwa kimya nikijisifu moyoni, natazama pembeni ya kioo asilimia zikishuka taratibu: 31, 27, 24. Dakika ya 85 nikapata mpira peke yangu na kipa. Nikabonyeza kupiga, na mchezaji wangu akasimama kama anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Asilimia 20. Windows ilikuwa imewasha uokoaji wa betri yenyewe, kama ilivyopangwa, na mimi katika kurasa nne za daftari sikuwa nimeuandika mpangilio huo popote. Beki akafika, akachukua mpira, dogo akaenda nao mpaka mwisho akafunga.

"Betri," nikamwambia.

"Inajua kweli nani anaongoza," akanijibu, na akaenda kupanga begi lake.

Sasa hivi mechi zangu zinasimama asilimia 22. Daftari alinirudishia kurasa zile tu, alizichana, maana mwalimu wake wa hesabu angeuliza.